Vioo Vitatu vya Wodi ya Wazazi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kushika kitu. Niliripoti ofisi ya ujenzi pale Bukoba saa moja na nusu asubuhi, nikiwa na cheti changu cha fundi sanifu ndani ya bahasha ya kaki, na viatu nilivyoazima kwa dada yangu kwa sababu vyangu vilikuwa vimekwisha visigino kwa kutembea kutoka Kitendaguro. Mhandisi wa Mkoa, mtu mrefu ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi upande mmoja, alikisoma kile cheti, akanitazama, akakisoma tena. Halafu akaniuliza kama nimekuja kupiga chapa.

"Nimekuja kukagua kuta," nikamjibu.

Hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alinipeleka nyuma ya jengo moja la zamani la serikali, akanisimamisha mbele ya ukuta na kuniambia niutazame mpaka wakati wa chai, kisha nimweleze nilichoona. Saa nne nilimwendea nikamwambia nimeona ukuta mweupe wenye madirisha manne.

"Binti, umeona rangi," akasema. "Rudi."

Nikarudi. Jua lilinichoma utosini, makarani wakapita wakinicheka chinichini. Saa saba nilimwambia kwamba plasta imevimba chini ya dirisha la pili, kwamba kuna mstari wa unyevu unaofika magotini, kwamba dirisha la tatu limeshuka kidogo kuliko wenzake, na kwamba mchwa wamepanda kwenye kona hadi kwenye kenchi, yaani zile mbao zinazobeba paa. Akatikisa kichwa mara moja kukubali. Kwa bwana yule hiyo ilikuwa sifa kubwa, na katika miaka tisa niliyofanya kazi chini yake niliipata mara chache sana.

Vijana wanaosomea ujenzi sasa huniuliza tulikuwa tunakaguaje bila vifaa walivyo navyo wao. Tulikuwa na nyundo ndogo, msumari wa inchi nne, timazi, pima maji, na muda. Timazi ni kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwa uzi ili kuonyesha kama ukuta umesimama wima au umeanza kuinama. Nyundo haikuwa ya kuvunjia, ilikuwa ya kusikilizia. Ukigonga ukuta ulioshikamana unapata mlio mkavu na mfupi, na ukigonga mahali ambapo plasta imeachana na tofali unapata sauti ya debe. Msumari ulikuwa wa kukwaruzia kiungo kati ya tofali na tofali. Kiungo cha saruji hukataa msumari, lakini cha udongo humwagika.

Na huku kwetu ulimwagika mara nyingi. Majengo mengi ya umma ya Bukoba vijijini na Muleba yalijengwa kwa nguvu za wananchi, kwa tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo, kisha zikapigwa plasta ya saruji kwa nje. Ukiutazama ukuta wa namna hiyo utaapa kwamba ni wa saruji mpaka ndani. Sisemi kwamba waliojenga walikuwa wezi. Saruji ilitoka mbali, na mifuko michache iliyopatikana iliwekwa pale ambapo mvua ingepiga na wageni wangeona. Kitongoji kimoja kilipandisha ukuta mpaka usawa wa madirisha, kazi ikasimama misimu miwili ya kahawa, kisha kitongoji kingine kikamalizia mpaka juu kwa udongo wa shimo jingine. Nikikwaruza kwa msumari niliweza kuonyesha mahali hasa ambapo kitongoji cha kwanza kilikwenda nyumbani.

Nyufa nazo zina mambo yake. Sisi tuliziita kwa majina mawili tu, ufa uliolala na ufa unaotembea. Uliolala ulitokea zamani, labda msingi ulipokaa vizuri kwenye udongo, na tangu hapo haujaongezeka. Huo unazibwa na maisha yanaendelea. Unaotembea ni ule ambao bado unapanuka, hata kama ni kwa unene wa uzi kwa mwezi. Kwa kutazama tu, nyufa hizo mbili zinafanana. Njia ya kuzitenganisha ni kuweka kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kukigandisha kwa saruji kila upande, na kuandika tarehe. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea kidogo tu, kinakatika. Mimi nilipenda kioo cha fremu za picha kwa sababu ndicho chembamba kuliko vyote. Unaondoka, unarudi baada ya wiki mbili, unatazama. Kikiwa kizima mara tano mfululizo, unaandika kwamba ufa umelala, unaweka sahihi, na watu wanaingia ndani.

Kwa kazi hiyo watu walinibandika jina la Mama Nyufa. Nikialikwa harusini, mwenye nyumba aliniwahi mlangoni: "Leo ni pilau tu, Mama Nyufa, usitazame juu!" Nilikuwa natazama juu hata hivyo. Mume wangu alisema kwamba siku ya kuniposa alikuwa akieleza habari za ukoo wake huku mimi nikikagua linta, ile boriti ya juu ya mlango, nyumbani kwa baba yangu. Si kweli, nilikuwa namsikiliza, ingawa linta ile ilikuwa na kasoro.

Baada ya Mhandisi wa Mkoa kustaafu alikuja mwingine aliyependa mikutano, kisha mwingine aliyependa safari, na sina la kusema juu yao. Nilipokaribia miaka yangu ya mwisho nilihamishiwa Muleba. Mhandisi wa Wilaya wa huko alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, mpole, mwenye haraka, na aliyeamini fomu. Alikuwa ametengeneza fomu moja ya ukurasa mmoja kwa kila jengo. Mahali pa vioo palikuwa na visanduku viwili vya kuweka alama: kimevunjika, hakijavunjika. Nilimwambia kwamba zamani tulikuwa tunapima pia upana wa ufa na kuteremsha timazi kila safari. Akaniambia, "Mama, nina majengo mengi na gari moja. Kioo kinatosha." Sikubishana naye, na hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipoanzia.

Halafu likaja lile tetemeko. Aliyekuwa Kagera siku ile hahitaji kuelezwa, na asiyekuwepo sina maneno ya kumtosha. Kazi yetu iligeuka. Shule, zahanati, ofisi za kata, kila mahali palikuwa na mtu anayeonyesha ufa kwa kidole na kuuliza kama wanaweza kurudi ndani.

Miongoni mwa majengo niliyopewa kulikuwa na kituo kimoja cha afya katika vilima vya Muleba. Jina lake halina umuhimu hapa. Wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda vinane, na ukuta wake mrefu uliokuwa upande wa baraza ulikuwa na ufa uliotoka kona ya dirisha ukapanda kwa ngazi, tofali baada ya tofali, hadi kwenye kenchi. Nilikwaruza, udongo ukamwagika. Upana wa ufa siku ile ulikuwa kama ukingo wa sarafu. Sikuweza kusema umelala wala unatembea, kwa hiyo niliamuru wodi ifungwe nikaweka vioo vitatu, kimoja chini, kimoja katikati, kimoja juu karibu na paa.

Kufunga wodi si jambo dogo. Kituo kilibaki na kitanda kimoja cha kuzalishia katika chumba cha sindano. Akina mama wengine walipelekwa hospitali ya Rubya kwa pikipiki, kwenye barabara ya utelezi, na mvua zilikuwa zimeanza. Kila nilipokwenda kusoma vioo, Mganga Mfawidhi, kijana mkavu asiyependa salamu ndefu, alinipa habari moja. Safari ya pili aliniambia kuna aliyejifungulia kando ya barabara chini ya mgomba. Mama na mtoto walikuwa wazima, lakini alinieleza kwa namna ya kunionyesha kwamba matukio kama hayo anayahesabu. Sikulala vizuri kwa habari ile. Nilitaka vioo viwe vizima, na sioni aibu kulisema.

Mtu wa kuvitunza alikuwa mlinzi wa kituo, mzee aliyeitwa Ta Kaijage. Sisi Wahaya mtu mzima wa heshima tunamtangulizia Ta kabla ya jina, na huyu alistahili. Alikuwa mjane, mwembamba, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni, na kwa miaka mingi aliwahi kuandika vitabu vya ubatizo vya kigango chao, hivyo mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Siku nilipoweka vile vioo nilimwita na kumwambia maneno ambayo ofisi zetu zimezoea kumwambia mtu wa chini:

"Mzee, hivi ni vioo vya serikali. Kimoja kikivunjika ni hatari kubwa, na wewe ndiye nitakayekuuliza."

"Nimesikia, waitu," akajibu kwa neno letu la heshima, akiinamisha kichwa. "Havitavunjika."

Nikaridhika. Nikaandika jina lake kwenye daftari langu kama mwangalizi.

Nilikwenda mara tano. Mara zote uwanja ulikuwa umefagiliwa, kiti kimetolewa, na Ta Kaijage amesimama kando ya ukuta kama mtu anayesubiri ukaguzi wa gwaride. Mara zote vioo vilikuwa vizima, na tarehe zangu juu yake. Nilitia alama kwenye kisanduku cha pili, nikaendelea na safari, maana siku hiyohiyo nilikuwa na shule mbili za kupitia. Wiki ya kumi, siku ya Jumatatu, niliandika kwamba ufa umelala na kuweka sahihi yangu. Mganga Mfawidhi alinishika mkono kwa mara ya kwanza. Kufikia jioni vitanda vilikuwa vimerudi.

Alhamisi ya wiki hiyo nilipita njia ileile nikienda kwingine, nikasimama kusalimu tu. Wodi ilikuwa na akina mama saba, na ndugu zao wamekaa barazani na vyombo vya chakula. Ta Kaijage aliniletea kiti na kikombe cha chai. Alisubiri ninywe kidogo, kisha akajikohoza.

"Waitu, nina swali la kazi."

"Uliza, mzee."

"Hivi vioo, sasa wodi imefunguliwa. Nivitoe, au niendelee kuvibadilisha?"

Nilishusha kikombe.

"Kuvibadilisha vipi?"

"Vikivunjika."

Nilimwomba anieleze, naye alinieleza bila kuficha, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kazi iliyofanyika vizuri. Kile cha chini hakikuwahi kuvunjika. Cha katikati kilivunjika mara moja. Cha juu kilivunjika mara nne, na mara ya mwisho ilikuwa Jumapili alasiri, siku moja kabla sijaweka sahihi.

"Mbona hukuniambia?"

Alinishangaa. "Ulisema utaniuliza mimi, waitu. Sasa mgeni wa serikali anakuja, nimpokee kwa kitu kilichovunjika? Nilibandua vipande, nikaweka kingine, nikaandika ile tarehe kama ulivyoandika wewe. Hata ile tano yako yenye mkia niliiweka."

"Kioo ulikipata wapi?"

"Nyumbani. Kwenye picha."

Nilichukua timazi kwenye gari, nikapanda kwenye benchi, nikaiteremsha kutoka chini ya paa. Ukuta ulikuwa umeinama kuelekea nje kwa upana wa kidole kizima. Nikajaribu ufa pale juu. Palipopita ukingo wa sarafu wiki kumi nyuma, sasa palipita kidole changu kidogo.

Niliingia wodini na kumwambia Mganga Mfawidhi kwamba watu watoke wote, ndani na barazani, sasa hivi.

"Mama, Jumatatu ulisema salama."

"Jumatatu nilikosea."

"Kuna mmoja yuko kwenye uchungu."

"Mpeleke ofisini kwako."

"Mnafunga, mnafungua, kama bomba la maji!" alifoka. Lakini hakungoja nijibu, alikwishashika kitanda cha kwanza upande wa kichwani. Tulitoa vitanda kwa mlango wa upande wa pili, ndugu wakasaidia, Ta Kaijage akabeba magodoro mawili kwa mkupuo mmoja, na alikuwa analia bila sauti kwa sababu alikuwa ameelewa. Yule mama alijifungua ofisini kwa Mganga alasiri ile, mtoto wa kike. Nilimsikia akilia nikiwa nje napima.

Nilimpigia simu Mhandisi wa Wilaya nikamweleza.

"Mama, sahihi yako ya Jumatatu iko hapa mezani kwangu. Niamini ipi?"

"Ya leo."

"Na ya Jumatatu niielezeje?"

"Sema nilikosea."

"Ulikosea, au ulidanganywa? Hayo ni mambo mawili tofauti," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayenitakia mema. "Ukiandika kwamba mlinzi alibadilisha vifaa vya upimaji, tunamalizana na mlinzi. Wewe umebakiza miaka michache tu. Usijiharibie, Mama."

Asubuhi ya Ijumaa niliketi ofisini kuandika ripoti. Nataka vijana waelewe kwamba nilishawishika. Niliandika ukurasa mzima unaosema mwangalizi alibadilisha vioo mara tano na kuigiza mwandiko wa mkaguzi, na kila neno lilikuwa kweli. Nilipousoma, nikamwona Ta Kaijage akifukuzwa, labda akipelekwa polisi. Nikajiuliza yeye alifanya kosa gani hasa. Alifanya nilichomwambia. Nilimwambia kwamba kuvunjika kwa kioo ni kosa na kwamba kosa hilo litakuwa lake, wakati kioo kile kiliwekwa pale ili kivunjike. Kwa miaka yote ile nilijua kusoma ukuta, lakini sikuwahi kujisikiliza ninavyozungumza na mtu anayeushika ufagio.

Nilichana ule ukurasa. Nikaandika mwingine, na ndani yake nikaweka maneno yangu mwenyewe kama nilivyoyasema siku ile, neno kwa neno. Nikaandika pia kwamba katika safari tano sikupima upana wa ufa wala kuteremsha timazi, ingawa nilijua kwamba inapaswa. Mhandisi wa Wilaya aliusoma mbele yangu.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Mimi nitakuandikia onyo. Sina namna."

"Andika."

Barua ya onyo ikaingia kwenye jalada langu. Tangu hapo mpaka nastaafu sikuruhusiwa kuidhinisha jengo peke yangu. Nilikagua, nikaandika, na kijana mmoja aliyetoka chuo juzi akaweka sahihi chini. Iliniuma, tena sana. Kuna siku nilikaa ndani ya gari la ofisi nikangoja machozi yakauke kabla ya kuingia kwenye shule. Ta Kaijage alikaripiwa, akabaki kazini kwake.

Ukuta ulibomolewa wiki mbili baadaye. Tulikwenda kuutazama, Mganga Mfawidhi na mimi tukisimama mbali kwenye nyasi. Mafundi waliegemeza paa kwa magogo, wakajiandaa na nyundo kubwa. Fundi mkuu akasema wajaribu kwanza bila nyundo. Wanaume wanne wakaweka viganja vyao ukutani kwa ndani, wakahesabu mpaka tatu, wakasukuma. Nusu ya juu iliangukia barazani, mahali pale ndugu walipokuwa wakikaa na vyombo vya chakula, na kipande cha kona kikarudi kuangukia ndani. Wale wanaume waliruka nyuma. Vumbi lilipotulia tuliona udongo wa katikati ya tofali umekuwa unga mtupu.

Mganga Mfawidhi alitazama kile kipande kilichoangukia ndani kwa muda mrefu. "Vitanda vitatu," akasema. Akarudi kwa wagonjwa wake.

Sasa nimestaafu, nakaa Ijuganyondo na kibanja changu, migomba na kahawa kidogo. Nafagia uwanja asubuhi na kugombana na mbuzi wa jirani. Vijana wa ofisi hunipitia wakiwa na maswali, na wananionyesha vipimo vyao vipya vya kubandika juu ya ufa, vyenye mistari midogo ya kusomeka kwa milimita. Ni vifaa vizuri. Nawaambia hata hivyo kwamba kipimo hicho nacho kitakaa huko kijijini peke yake na mtu mmoja, na mtu huyo ndiye kipimo chenyewe. Usimwambie kwamba utamuuliza. Mwambie, "Mzee, hiki kikivunjika umenisaidia sana, nipigie siku hiyohiyo." Mwachie namba. Ukifika ukute kimevunjika, mshukuru mbele ya watu. Na kama hukuona ajabu kwamba kila kitu ni kizima katika nyumba iliyotikiswa, rudi ukateremshe timazi. Wananisikiliza, halafu wanatazama saa. Na mimi nilikuwa hivyo.

Kuna jambo moja nililoliahirisha mpaka nilipostaafu. Nilikuwa naona haya. Mwaka huu nilimtafuta fundi wa vioo mjini Bukoba, akanikatia vipande vitano vyembamba, nikavifunga kwenye magazeti na kusafiri navyo Muleba vikiwa mapajani. Ta Kaijage naye alikuwa amekwishastaafu. Nilimkuta nyumbani kwake, ametandika nyasi mpya sebuleni kwa sababu nilikuwa nimempigia simu.

"Mwabonaki, waitu," alinisalimu akanishika mikono yote miwili. Nikamwambia nilichokuja kufanya. Alikataa kwanza, akasema hakuna deni, kisha akaninyooshea mkono ukutani.

Fremu tano zilikuwa zimening'inia pale zimepangwa vizuri, hazina vioo. Ya Bikira Maria. Za watoto wake wawili siku ya komunyo ya kwanza. Ya padri mmoja wa zamani. Na ya harusi yake, ndiyo picha pekee aliyowahi kupiga pamoja na mkewe, ambaye alikuwa amefariki kabla ya tetemeko. Moshi wa jikoni na unyevu wa mvua za miaka ile yote vilikuwa vimeila upande mmoja. Yeye mwenyewe alionekana vizuri, kijana mwenye tai. Mkewe gauni lilikuwepo, mkono wenye maua ulikuwepo, lakini uso ulikuwa doa la kijivu.

Nilikaa chini na ile fremu. Nikamwomba radhi, kwa maneno yale niliyomwambia na kwa picha. Nikamwambia sidhani kama kioo kitasaidia kitu sasa.

"Weka tu, waitu," akasema.

Nikaweka. Nikapigilia misumari midogo, nikafuta kioo kwa kanga yangu na kumpa. Aliipeleka dirishani kwenye mwanga, akaweka kidole juu ya lile doa.

"Hapa alikuwa anacheka," akaniambia. "Mpiga picha alimkataza mara mbili. Akacheka tu."